Mkono Aliouzoea Baba

Chumba cha baba kina mlango wake peke yake, unaotazama upande wa maegesho ya malori. Nilikijenga hivyo kwa makusudi, mwaka ule mama alipofariki na baba akahamia kwangu hapa Chapwa, karibu na mpaka, kutoka kijijini kwetu Mbebe. Mlango wa nyumba kubwa unatazama upande wa pili. Mafundi waliniuliza kama nataka kupangisha. Nikawaambia hapana, ni chumba cha baba, nao wakaelewa, kwa kuwa mmoja wao alikuwa Mndali kama sisi.

Kwetu mke wa mtoto hakai mahali pamoja na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hataji jina lake, hagusi mwili wake. Siku hizi wengi wameacha, hasa hapa mjini. Baba hakuacha, na mke wangu Roda naye hakuacha, maana alilelewa hivyo. Kwa miaka sita waliishi uwanja mmoja bila kukutana. Baba akitaka kutoka nje alikohoa mara mbili, Roda akasikia, akaingia jikoni. Chakula alichopika Roda nilikipeleka mimi au mwanangu Clever. Ilikuwa heshima, wala hakuna aliyeiona kuwa mzigo, mpaka baba alipopata kiharusi.

Kilimpata Jumapili akivaa viatu aende kanisani. Upande wa kulia wote ukalala, na maneno yakamwisha isipokuwa moja, "bado". Ukimwuliza kama ameshiba, bado. Ukimwuliza kama anasikia maumivu, bado. Ukimsalimia asubuhi, bado. Hospitali alikaa siku kumi na moja, kisha tukaambiwa tukamwuguze nyumbani.

Siku ya nne alianguka kitandani. Mimi nilikuwa kazini. Mimi ni fundi wa matairi ya malori, na banda langu liko mwendo wa robo saa kutoka nyumbani, karibu na foleni ya kuvukia Zambia. Clever alikuwa shule. Roda alikuwa peke yake uwanjani akikanda unga wa maandazi. Utingo wawili waliokuwa wakipika chai chini ya lori lao walimsikia akiita, wakaja wakamwinua baba. Niliporudi nilimkuta Roda amekaa chini nje ya mlango ule, mikono ina unga uliokauka.

"Nilisikia kichwa kikigonga sakafu, baba Clever," aliniambia. "Mguu haukuingia. Niliuambia uingie, haukuingia."

Sikumlaumu. Hata mimi ningekuwa yeye, wangu usingeingia.

Kesho yake alikuja muuguzi Fortunata wa zahanati iliyo karibu nasi. Ni mama mfupi wa makamo, na sehemu ya kazi yake ni kuzunguka majumbani kuwafundisha watu wanaoishi na wagonjwa wasioinuka. Alimkagua baba kichwa, akanigeukia.

"Huyu anataka mtu wa kulala humu humu. Si wa kuja na kuondoka. Mkeo?"

Niliangalia chini. Yeye ni Mnyiha wa Mbozi, nao wana mwiko huo, akaelewa kabla sijajibu.

"Basi tafuta mtu," alisema. "Ukimpata nitamfundisha wiki mbili. Kufundisha ni rahisi, baba Clever. Utaona shida kwenye kumfanya akae."

Mimi mwenyewe ningeweza kumwogesha baba, mtoto wa kiume hakatazwi. Ila nikikaa nyumbani sisi sote hatuli.

Wa kwanza alikuwa Goodness, binti wa Mlowo. Alifundishwa wiki mbili akafundishika vizuri, akakaa miezi miwili. Mama mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alimwona akimfanyisha baba mazoezi nje, na yeye alikuwa na mgonjwa wa namna hiyo hiyo. Jumamosi moja Goodness alikunja mashuka, akaniaga kwa adabu, akavuka. Wa pili alikuwa Ayoub, kijana wa Momba mwenye nguvu, alimnyanyua baba kama mtoto. Asubuhi moja alipigiwa simu kwamba binamu yake amepata dhahabu Mkwajuni. Tulimkuta baba kitini amevalishwa shati mkono mmoja, mkono wa pili unaning'inia, Ayoub hayupo.

Kila mara Fortunata alianza upya. Kumgeuza kila baada ya saa mbili. Mto katikati ya magoti. Visigino visiguse godoro. Kijiko kipite upande mzima wa mdomo, kidevu kishuke kidogo ndipo ameze, asije akapaliwa. Mabeseni mawili, moja la uso na mikono, moja la chini. Nami nilisimama mlangoni nikisikiliza, mpaka nikayajua yote kichwani.

"Nimefungua chuo kwako," Fortunata aliniambia alipofundisha mara ya pili. "Wanafunzi wanahitimu, wanakwenda Nakonde."

Nilicheka, lakini usiku huo sikulala.

Nesta aliletwa na shangazi Atupele, mdogo wake baba aliyebaki Mbebe. Alishuka kwenye gari la viazi na begi la plastiki, lile la shangazi kaja, mkono mmoja na mkungu wa ndizi mkono wa pili. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alimaliza darasa la saba kama mimi. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, na mama yake yuko kule mlimani peke yake, analima maharage na viazi kwa mguu mmoja ulio mzima, wa pili unamvimba. Nesta alikuwa amemwuguza bibi yake miaka minne hadi akafa. Shangazi alisema, "Huyu hamna cha kumfundisha."

Nilimpeleka chumbani kwa baba. Wale wengine waliingia kwa kunyata, wakasema shikamoo wakiwa mlangoni. Nesta aliingia moja kwa moja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akashika mkono uliokufa.

"Shikamoo, babu. Mimi ni mjukuu wako wa kule juu. Nimesikia umenuna."

"Bado," baba alisema.

"Bado hujanuna au bado hujamaliza kununa?"

Upande mzima wa mdomo wa baba ulivutika. Ndiyo mara ya kwanza niliona anacheka tangu augue.

Baadaye nilielewa alichokifanya. Kwetu mjukuu na babu wanataniana. Mjukuu anaweza kumshika babu ndevu, kumtukana kidogo, kumwita mume wangu, na babu hana aibu mbele yake. Goodness alikuwa mgeni na baba alikuwa akifumba macho akiogeshwa naye. Nesta alichagua mwenyewe mahali pa kusimama, akasimama hapo siku ya kwanza, na tangu hapo baba hakufumba macho. Ukipita nje asubuhi ulimsikia.

"Inua mkono, mume wangu. Usinitegee. Juzi uliniambia unaniposa, leo hata kwapa hutaki kuoshwa?"

"Bado."

"Haya, tutasubiri."

Fortunata alikuja kumfundisha akakuta mengi anayajua. Siku ya tatu alifunga daftari lake. Nesta alikuwa na swali moja tu.

"Dada muuguzi, mgonjwa anageuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Anayemgeuza analala saa ngapi?"

Fortunata alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniangalia. "Mwulize mwenye nyumba."

Nilisema tutapanga. Hatukupanga.

Alimwuguza baba miaka miwili na miezi mitano. Kwa muda wote huo baba hakupata kidonda hata kimoja mgongoni, wala kiunoni, wala kwenye visigino. Fortunata aliwaleta wenzake wawili kutoka kazini wakamwone, akamfunua baba shuka kama mtu anayeonyesha kitambaa kizuri dukani. Nesta alizijua "bado" zake zote. Ya kutaka maji ilikuwa fupi. Ya maumivu ilianzia tumboni. Ya kukataa aliisema huku ameuma meno. Jioni mimi nikirudi alinipa habari zake kama vile baba mwenyewe amezisimulia: leo amesema chai ilikuwa baridi, leo amesema jirani anapiga kelele. Baba alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Katika miaka hiyo miwili Nesta alikwenda kwao mara moja, kwenye msiba wa mjomba wake, na siku ya tatu alikuwa amerudi.

Mwaka jana mwezi wa nane Fortunata alikuja na habari. Kulikuwa na watu Mbeya waliokuwa wakitafuta wahudumu wa kuishi na wagonjwa nyumbani. Wangewafanyia mtihani, wawape cheti, wawaandikie mkataba wenye siku za kupumzika. Fortunata aliniambia mimi kwanza.

"Nitamwambia na yeye," alisema. "Sitamficha. Lakini nimetaka ujue kabla."

Siku mbili baadaye Nesta alinifuata bandani. Hakuwahi kuja pale. Nilikuwa nimelala chini ya trela nikiweka jeki, nikaona miguu yake na kandambili za bluu.

"Kaka Osea, toka huko tuongee."

Nilitoka. Sikujua niweke wapi mikono, ilikuwa na grisi.

"Sijasema naenda Mbeya," alisema. "Nataka siku mbili kila mwezi nikamwone mama. Mguu umezidi. Nipe siku mbili, nitakaa mpaka babu mwenyewe anichoke."

"Na baba atakaa na nani siku hizo mbili?"

"Na wewe. Unajua kila kitu. Huwa nakuona ulivyosimama mlangoni."

Nilimwambia nitafikiri. Alisubiri kidogo pale, akiangalia malori, kisha akaondoka. Ningeweza kumwita arudi nimwambie sawa. Nilikuwa nikijiona peke yangu na baba siku mbili, anapaliwa, anaanguka, nami nimesahau kidevu kishuke wakati gani. Nilikuwa nikijua kwa kichwa tu, mikono yangu haikuwahi kufanya. Kwa hiyo badala ya kumjibu Nesta nilimpigia simu shangazi Atupele.

Shangazi alikuja wiki ileile, akatuita mimi na mdogo wangu Deus sebuleni. Deus ni utingo wa malori ya Lubumbashi, anakuja nyumbani kwa mwezi mara moja, na ana maneno mengi kuliko mimi. Roda alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Huyu binti anaondoka kwa sababu hana kinachomshika hapa," shangazi alisema. "Mshikeni. Deus, una miaka thelathini na nne, unalala chini ya lori kama spea. Unangoja nini?"

"Mimi mbona sijakataa, shangazi?" Deus alisema. "Ni yeye. Nikimwambia nitamwoa ananiuliza, kwa tairi ipi."

"Kwa hiyo umeshamwambia."

"Kwa utani."

"Mwambie tena bila utani."

Sote tulicheka. Ilionekana jambo zuri. Nesta angekuwa wa nyumbani, asingehitaji mkataba wa Mbeya wala cheti, Deus angepata mke anayemfaa. Ndipo Roda aliposema kutoka jikoni, polepole, bila kutokeza.

"Baba Clever, waulize. Akiwa mke wa shemeji, mzee ataogeshwa na nani?"

Kati ya sisi wote ni yeye aliyejua mlango ule ulivyo.

"Roda mwanangu," shangazi alijibu, "wewe ulikuja hapa ukiwa mkwe. Huyu alikuja akiwa mjukuu. Amekwisha mwosha kaka yangu miaka miwili, kuna nini tena cha kuficha? Na kwetu kuna kuku wa kufungulia mwiko. Nitamleta mimi mwenyewe, nitamchinja mlangoni, tutamwomba, yataisha."

Mimi nilikubali upesi. Nilitaka iwe hivyo, na mtu akitaka kitu namna ile hasikii vizuri.

Nesta nilimkuta bombani akikamua shuka. Alikuwa amekwisha ambiwa na Deus.

"Deus si mtu mbaya," alisema. "Ananichekesha. Nimemwambia ndiyo. Lakini kaka, umemwuliza babu?"

"Atafurahi."

"Umemwuliza?"

"Nitamwambia tukitoka Mbebe."

Alikamua shuka mpaka likaacha kudondosha. "Na zile siku mbili?"

"Ukishaolewa utakuwa mwenye nyumba, Nesta. Utajipangia mwenyewe."

Alitikisa shuka, akalianika, akaingia kwa baba maana saa ya kumgeuza ilikuwa imefika.

Tulikwenda Mbebe mwezi wa kumi, mimi, Deus na wazee wawili. Shangazi alitupokea huko. Mama yake Nesta alikaa kwenye mkeka ameunyoosha mguu wake, akatuuliza swali moja, kama mtoto wake atakuwa akija kumwona. Tukasema atakuja. Ng'ombe akapokelewa, vigelegele vikapigwa. Kwetu ng'ombe akishapokelewa, binti ni mkwe wa ukoo ule, hata kama harusi ya kanisani iko mbali. Tulipanga harusi iwe baada ya mahindi kuvunwa.

Tulirudi Chapwa asubuhi ya pili. Nesta alikuwa akimlisha baba uji wa ulezi. Niliingia na shangazi, tukakaa. Nikamwambia baba kwa Kindali, taratibu, nikiwa na furaha.

"Baba, tumetoka kwa akina Nesta. Deus anamwoa. Wamempokea ng'ombe. Nesta ni wetu kabisa sasa."

Baba aliniangalia. Kisha akamwangalia Nesta, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kama siku zote, kijiko mkononi. Alimwangalia kwa muda. Halafu mkono wake mzima ulitafuta blanketi, ukalipata, akalivuta polepole hadi likamfunika kifua, likamfunika uso.

"Ni aibu ya furaha," shangazi alisema.

Nesta alikuwa amekwisha simama. Aliweka kijiko ndani ya bakuli bila kukigonga. Alirudi nyuma, hakugeuka, mgongo ukatangulia mlangoni, akaweka bakuli kizingitini, akatoka. Nilimsikia akipumua nje ya ukuta. Tulipomfunua baba, macho yalikuwa yamefumbwa, na machozi yanaingia sikioni.

Kesho yake shangazi alimchinja kuku mlangoni. Alisema maneno yote yanayosemwa, akamwita kaka yake kwa majina ya ujana, akamwambia kwamba binti huyu ni mikono yake, asiikatae mikono yake mwenyewe. Nesta alikuwa amepiga magoti nje, kanga kichwani, akiangalia chini. Kutoka chini ya blanketi ikatoka sauti.

"Bado."

Shangazi alituangalia. "Anasema tusubiri?"

"Hapana, shangazi," Nesta alisema akiwa pale chini. "Ameuma meno. Hiyo ni ile ya kukataa."

Kwa siku nne baba hakula kitu ila maji niliyompa mimi kwa kijiko. Nilifunga banda. Maji yalimmwagikia shingoni. Siku ya tano nikasikia sauti dirishani. Dirisha la chumba kile liko juu, mtu aliyekaa nje haonekani.

"Shemeji," Nesta alisema. Ndivyo alivyoanza kuniita. "Usimpe akiwa amelala. Mwinue kwa mito miwili. Kaa upande wa kushoto. Sasa kidevu."

Nilifanya alivyosema. Baba aliposikia sauti ile alifungua mdomo. Akala vijiko tisa. Hakusema naye, kwa sababu mkwe hazungumzi na baba mkwe wake. Alisema na mimi, na baba akasikiliza. Ukimtania mtu kupitia kwa mtu mwingine utani hautoki, kwa hiyo hakutania tena.

Tuliendelea hivyo wiki tatu. Nisipofanya kazi hatuli, nilisema mwanzo, na ikawa hivyo. Roda aliuza maandazi mpaka usiku. Fortunata akaleta binti mwingine, Blessing, wa miaka ishirini, amfundishe. Aliyemfundisha hasa alikuwa Nesta, akiwa amekaa nje chini ya dirisha, mgongo kwenye ukuta, anachambua mchele.

"Blessing, kumvua shati umeanza na mkono upi?"

"Huu wa kulia, dada."

"Shati likivaliwa, anza na uliokufa. Likivuliwa, anza na mzima. Rudia."

"Dada, mbona usiingie tu unionyeshe? Huko nje unajuaje ninachofanya?"

"Nasikia. Maji ya chini umeyachanganya na ya uso."

Blessing aliyatazama mabeseni, akanitazama mimi, akaenda kumwaga.

Alikuwa binti mzuri, lakini baba alifumba macho kwake kama alivyofumba kwa Goodness. Mdomo ulifunguka kidogo tu. Alikuwa akijikaza akigeuzwa, na mtu anayejikaza hageuki vizuri. Mwezi wa kumi na mbili Blessing alituita tuone. Kiunoni upande wa kulia palikuwa pamebadilika rangi, na katikati ngozi imefunguka, ukubwa wa kifuniko cha soda.

Nilikwenda Mbebe peke yangu. Nilimwambia shangazi tuvunje uchumba. Deus amekubali, anasema baba kwanza. Ng'ombe arudi, Nesta awe kama alivyokuwa.

Shangazi alikuwa amezeeka katika miezi ile. "Ukimrudisha atakuwa mkwe aliyerudishwa, Osea. Hatakuwa mjukuu. Kaka yangu anajua hilo, hata ukimwambia nini. Kosa ni langu."

Sikuweza kumwambia kwamba kosa ni lake. Njiani nilipita kwa mama yake Nesta. Alinipa maharage ya kumpelekea mwanawe, akaniuliza lini atakuja.

Fortunata alikuja kusafisha kidonda. Alipomaliza tulisimama karibu na maegesho, akivua glavu zake kidole kimoja kimoja. Nilimsimulia yote kuhusu kuku, ng'ombe na shangazi. Alisikiliza.

"Alikuomba siku mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa mwezi."

"Ndiyo."

Aliingiza glavu kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akaniambia kidonda kisafishwe kila siku na mgonjwa asilalie upande ule.

Mwezi wa pili mwaka huu Blessing aliitwa Nakonde. Alilia kidogo, akaniambia amejifunza mengi hapa, akavuka. Sijatafuta mwingine bado. Asubuhi niko na baba hadi saa tano, kisha bandani, kisha narudi. Katikati ya hapo Clever akitoka shule anakaa mlangoni aangalie babu yake asianguke. Nesta hakwenda Mbeya. Wale watu walifunga orodha yao zamani, na hata wasingefunga, alisema hawezi kuondoka wakati baba hajakubali mkono mwingine. Sasa anaweza kwenda kwa mama yake siku yoyote anayotaka, hakuna anayemzuia, naye amekwenda mara moja tu. Kila asubuhi anakaa chini ya dirisha na kazi yake ya mkononi. Saa ya kugeuza ikifika anasema.

"Saa nne, shemeji."

Nami nainuka. Baba akisikia sauti hiyo mkono wake mzima huondoka kwenye blanketi, ukapapasa ukuta hadi pale sauti inapotokea, ukatulia hapo, kiganja kimefunguka juu ya saruji. Nikimgeuza lazima kwanza niutoe. Huwa nauacha kidogo.

Leo nilipofungua kitambaa nilikaa nacho mkononi bila kujua nifanye nini. Kidonda kilikuwa kimeingia ndani zaidi ya jana.

"Kikoje, shemeji?" Nesta aliuliza kutoka nje.

Nilikuwa sijawahi kumdanganya Nesta. "Kinakauka," nilisema.

Nje mchele uliacha kusikika kwenye ungo.

"Dirisha liko wazi," alisema. "Nasikia harufu, shemeji."

Baba alikuwa amefumba macho, kiganja kiko ukutani.

"Haya," Nesta alisema baada ya muda. "Mto katikati ya magoti. Mshike begani na nyongani, usimvute. Mgeuze."

Nikamgeuza.